Jina la Nitakayekaa Naye

Newala, Jumanne, mwezi wa saba, 1907

Leo baridi imetukamata kweli. Ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma ukafunika uwanja wetu mpaka saa tatu, na upepo haujatulia hata sasa alasiri ninapoandika. Mwandiko wangu leo umepinda. Nitasingizia baridi.

Karatasi iko mbele yangu tangu juzi. Aliyeileta ni Mwalimu Eliasi kutoka Masasi, anayepita vijijini kuwaandikisha vijana wanaotaka kurudi misheni kusomea ualimu. Nyumba za wanafunzi zilichomwa wakati wa vita, na sasa zimejengwa mpya za miti na udongo, kila moja ina chumba kimoja na vitanda viwili vya kamba. Nimeshaandika jina langu, jina la baba, jina la mjomba aliyenilea na mwaka niliobatizwa. Umebaki mstari mmoja tu, unaouliza naomba kukaa na nani.

Mwalimu anasema Padre ametaka wanafunzi wachaguane wenyewe. Vita vilitufanya tuchongeane, naye hataki mtu alale jicho moja wazi kwa kumwogopa wa kitanda cha pili. Ukimtaja mtu naye akakutaja, mnapewa nyumba. Asiyetajwa atawekwa na yeyote atakayebaki, na mimi namjua atakayebaki. Ni Anselmo, anayekoroma hadi kuta zinasikia, na akiacha kukoroma anaimba nyimbo za kanisani usingizini.

Ninayemtaka ni Danieli.

Kwao ni Masasi, na amerudi huko tangu vita viishe, lakini alikulia hapa Newala kwa mjomba wake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tuliingia jando pamoja, tukalala kumbini ubavu kwa ubavu mpaka vidonda vikapona. Waliotoka kumbi moja hawanyimani chakula wala maji, maisha yao yote. Hilo tulifundishwa kwa fimbo, na hakuna aliyelisahau.

Mimi sikulisahau. Nililivunja nikiwa nalikumbuka.

Ulikuwa mwaka wa vita, kiangazi, na mjomba wake Danieli alikuwa ametajwa kwa askari wa Wajerumani kwamba amekunywa dawa ya vita, yale maji ya kuzuia risasi. Alikimbilia porini na Danieli akamfuata. Siku ya tatu Danieli akatokea mlangoni kwetu peke yake, midomo imepasuka, ananiomba maji. Nilimwambia mtungi mtupu. Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya," akaondoka.

Mtungi ulikuwa umejaa. Mama alikuwa ameteremka bondeni alfajiri akarudi nao kichwani jua limeshakuwa kali.

Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikijiambia kwamba niliogopa. Siku zile mtu akionekana anamnywesha mwenzake maji aliulizwa ni maji gani hayo, na wapo waliofungwa kamba kwa jibu baya. Ni kweli kabisa. Ila siku ile askari walikuwa wamekwenda upande wa Makote tangu asubuhi, na nilijua. Nilihesabu kata za maji zilizobaki mpaka Mama aende tena bondeni, nikaona Danieli atakunywa nyingi. Nilifanya choyo. Basi, nimeandika.

Kwa hiyo tangu juzi silali vizuri wala chakula hakipiti. Nikiliandika jina lake naye asiandike langu, Mwalimu atajua, Padre atajua, na watauliza kwa nini mtu wa jando langu amenikataa. Nisipoliandika nitakuwa nimekiri mwenyewe. Jana nilishika kalamu mara nne. Mama ameniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni meno.

Leo asubuhi Mwalimu Eliasi amekuja kuichukua karatasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kibarazani akipuliza uji aliopewa na Mama. Nilimwomba aniachie mpaka kesho. Akacheka, akasema ninajisumbua bure, maana Danieli alikuwa wa kwanza Masasi kurudisha karatasi yake na jina aliloliandika ni langu.

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

Halafu Mwalimu akaendelea, kwa nia njema tu, kumsimulia Mama alivyoelezwa na Danieli. "Mama Yohana, huyu mwenzake anampenda sana. Kaniambia, wakati wa shida alipita hapa kuomba maji akakuta nyumba imekauka, na Yohana kasimama mlangoni uso umemshuka kwa aibu ya kukosa cha kumpa. Anasema hajamwona tena mtu aliyemwonea uchungu namna ile."

 Mama alinitazama, akautazama mtungi, akaingia ndani. Mama anajua siku zote ni lini mtungi wake ulikuwa na maji.

Nilidhani nina hofu moja, kwamba Danieli amenichukia. Kumbe hajanichukia hata kidogo. Aliuona uso wangu siku ile akausoma kwa wema wake, na kwa wema huo ameniombea kitanda kando ya chake. Naweza kulijaza jina lake sasa hivi na hakuna atakayejua, isipokuwa Mama, na Mama hatasema. Nitaishi naye miaka mitatu, atanifundisha hesabu kama zamani, na kila atakaponitetea mbele ya watu nitakuwa namwibia upya.

Mwalimu anaondoka kesho asubuhi. Nimemwambia nitafuatana naye mpaka Masasi na karatasi nitaibeba mwenyewe. Amedhani ni hamu ya kumwona rafiki.

Ule mstari nimeuacha wazi. Nitamtafuta Danieli kabla sijafika kwa Padre, nimwambie mtungi ulikuwa umejaa na hakukuwa na askari. Kisha nitampa kalamu na karatasi, aandike yeye. Akiandika Anselmo, nitalala kwa Anselmo.

Nimefunga nguo zangu kwenye kitambaa. Mama ameingia, akaniwekea kibuyu cha maji ya njiani. Kisha akaleta cha pili, akakiweka kando ya changu, akasema, "Hiki ni cha Danieli."