Isaya Sabini na Moja

Mama, leo umetimia mwaka tangu asubuhi ile uliyotutoka, chai yako ikiwa bado ya moto juu ya kabati la wodini. Mwaka mzima, na Baba bado anatenga vikombe viwili. Akishtuka anakirudisha kimoja, anajifanya alikuwa anakikagua kama kina ufa.

Tunakuandikia hapa gazetini mbele za watu kwa sababu wewe mwenyewe hukujua kuomba kwa kunong'ona. Aliyeshika kalamu ni kitinda mimba wako, yule uliyembandika jina la Kasuku. Ametuomba ajiandike kama mtu mwingine, maana katika habari hii ana la kukiri na hana uso wa kusema "mimi". Tumemkubalia. Unamjua alivyo.

Kwa wasiokufahamu, ulikuwa mpiga pasi kwa dobi, miaka ishirini na sita, meza ya pili kutoka dirishani. Ulianza na kola, ukamalizia na mkono wa kushoto, na shati likitoka kwako mwenye nalo alisita kulivaa. Ulikuwa na viganja vya moto. Tukiwa na homa uliweka mkono kwenye paji la uso, kisha ukasema huwezi kujua kama joto ni letu au ni lako, ukamwita jirani apime yeye.

Kusoma hukujua. Namba ulizijua zote, kwa kuwa kila nguo ya dobi ina namba yake, na wewe ukishaisikia namba hukuisahau.

Imani uliipata hapo hapo penye mvuke wa pasi. Yule mama mchambuzi wa nguo, aliyeimba huku akitenga nyeupe na za rangi, ndiye aliyekuonyesha Bwana, na siku aliyostaafu alikuachia Biblia yake, mgongo wa kitabu umeshikizwa kwa plasta ya kidonda. Uliifikisha nyumbani ndani ya mfuko wa nguo chafu. Uliificha kwa sababu ulijua unakoipeleka.

Baba alikuwa msimamizi wa baa, nasi tuliishi nyuma ya baa hiyo hiyo, chumba na sebule, ukuta mmoja katikati. Upande wao ilisimama spika iliyomzidi kaka mkubwa kwa kimo. Upande wetu lilikaa kabati la vyombo, na kuanzia saa nane mchana vyombo vilicheza kila muziki uliopigwa. Jumapili ndiyo siku wateja walipojaa, na wewe ndiye uliyeosha glasi. Ulipoomba ruhusa ya kwenda kanisani, Baba alicheka mpaka akakaa.

"Mama watoto, glasi ataosha nani? Malaika?"

"Nitaziosha nikirudi."

"Na wateja wanywe kwa viganja mpaka urudi?"

Baba amesema tuandike yote, tusimpambe. Anasema aliogopa kuchekwa, kwamba msimamizi wa baa ameoa mlokole. Pale mtaani kila mtu alikuwa na neno. Wenzako kazini walikuita Mama Askofu, na wateja wakikuona na beseni la glasi walikuomba uwabariki vinywaji. Ulikuwa ukiwajibu, "Nimewabariki nyinyi, vinywaji mnavijua wenyewe." Ukaingia ndani ukalia kidogo, tukakuona, kisha ukanawa uso.

Basi kanisa lako likawa ile nafasi ndogo kati ya kabati na ukuta. Miaka kumi na miwili, Mama. Ulirudi kutoka kazini saa tisa, ukavua viatu, ukamwita Kasuku akusomee sura moja huku umefumba macho. Kisha uligeukia ukuta ukaomba, tena kwa sauti ya juu, maana kwa muziki ule hata mwenyewe hukujisikia.

Sasa ndipo penye kukiri.

Kasuku alikuwa na miaka kumi. Jina alilipata kwa kuwa aliweza kumwigiza yeyote: mteja mlevi, mwalimu mkuu, Baba akihesabu chupa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kitabu cha Isaya, sura ndefu, na nje wasichana wenzake walikuwa wameshafunga kamba na wanamwita kwa jina. Alisoma nusu. Akaona mistari iliyobaki, akasikia kamba inavyopiga chini, uvumilivu ukamwishia. Akafunga sura kwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kusomea:

"Katikati ya kelele nimeisikia sauti yako, asema Bwana, wala ukuta hautanizuia."

Ukafumbua macho.

"Rudia hapo, mwanangu."

Akarudia, neno kwa neno. Kukumbuka hakukuwa shida yake.

"Ni wapi hapo?"

"Isaya," akasema, mguu mmoja tayari uko nje. "Sabini na moja."

"Sabini na moja," ukasema, ukaihifadhi pale ulipohifadhi namba za nguo za watu.

Wanaoijua Biblia hapa wameshashika kichwa. Kitabu cha Isaya kina sura sitini na sita. Lakini nani angekwambia? Kanisani hukwenda, na kule kwa dobi hakuna aliyejua Isaya ni kitabu au ni fundi saa. Tangu siku hiyo ukasimama juu ya neno lile. Uliomba kwalo kila alasiri. Mwenzako wa meza ya tatu alipofiwa na mtoto, ulimshika mkono ukamwambia hilo hilo, na namba yake. Kasuku akilisikia alijitafutia kazi ya kufanya nje. Alikusudia kukwambia kesho, na kesho yake tena, akakua nalo.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Saa kumi alasiri, baa imejaa hadi milangoni, umeme ukakatika. Muziki ukafa ghafla. Wewe macho umefumba, umeshapanda katika maombi, hukujua lolote, ukaendelea kwa sauti yako yote:

"Na yule fundi bomba, Baba wa mbinguni, anayekaa pale kona ya dirishani. Mkewe amejifungua tangu juzi na yeye hata mtoto hajamwona. Mwinue kwenye kile kiti, Bwana! Mwinue! Na mume wangu usimchoke. Mimi huwa nachoka, wewe usichoke."

Baa nzima ikatulia tuli. Mtu mmoja akacheka peke yake, akaacha. Fundi bomba akaitazama glasi yake, akaiweka mezani, akainuka akatoka bila kuaga mtu. Baba akazunguka nyuma mbio, jasho linamtiririka.

"Mama watoto! Umenifukuzia mteja!"

"Nimemfukuza nani? Mimi si niko chumbani kwangu?"

"Wamekusikia wote! Mpaka wa nje!"

Ukamtazama, ukautazama ukuta. "Basi umeme ukirudi hawatanisikia."

Sisi watoto tulijificha nyuma ya pazia, mbavu hatuna. Kasuku alicheka kuliko wote, mpaka ulipomgeukia na machozi yakikulengalenga, ukamwambia, "Umeona? Ukuta haukuzuia. Sabini na moja ile!" Akarudi nyuma ya pazia.

Wiki ikapita. Siku ya nane akaihamisha spika, akaipeleka ukuta wa mbali, wateja akawaambia huku kuna unyevu. Unyevu haukuwepo. Mwezi uliofuata, akiwa anafunga kamba za viatu ili asikutazame, akasema, "Jumapili nenda. Ila saa sita uwe umerudi." Ulirudi saa sita kasoro dakika tano. Ukaendelea kurudi saa hiyo hiyo hata baada ya yeye kuiacha kazi ya baa na kutohitaji glasi yoyote ioshwe.

Ulipoanza kwenda kanisani, Kasuku alingoja siku utakayorudi na kumwuliza. Hukumwuliza. Ukiwa na miaka hamsini na minne ukajiandikisha darasa la watu wazima, ukajifunza kusoma, kidole chini ya mstari na mdomo ukitangulia. Akangoja tena, safari hii usingizi hana. Hukumwuliza. Alichokiona ni kwamba namba uliacha kuitaja. Ukawa unasema tu, "lile neno la ukuta."

Yeye sasa ni karani wa mahakama. Ndiye anayewapa mashahidi Biblia waape kusema kweli, kila siku ya kazi. Ukitaka kujua mtu anavyoteseka kimyakimya, mwulize yeye.

Kule hospitali, siku yako ya mwisho kabla ya asubuhi ile, alijikaza. Alikuwa peke yake nawe. Akasema, "Mama, lile neno la ukuta..."

Ukafumba macho kama zamani. "Lisome."

Kitabu hakuwa nacho. Akalisema kwa kichwa, kwa sauti yake ya kusomea ya utotoni, na lilipokwisha ulikuwa umetabasamu. Akashindwa kuongeza. Kesho yake ukaondoka, naye akabaki na mzigo wake.

Mwezi uliopita Baba alirudi nyumbani amechangamka, vumbi jeupe kwenye mikono ya shati. Alitoka kwa fundi wa mawe.

"Nimemwachia maandishi ya kaburi," akasema. "Jina la mama yenu, tarehe, na neno lake. Isaya sabini na moja. Jumatatu anaanza kuchonga."

Dada wa kati, ambaye ni mwalimu na hawezi kuona kosa akanyamaza, alifungua mdomo. Kasuku akamtangulia.

"Baba, asichonge. Hakuna Isaya sabini na moja. Nilitunga mimi. Nilitaka kwenda kuruka kamba."

Akaeleza yote, kamba, wasichana, mguu nje. Baba akaanza kupangusa lile vumbi kwenye shati, polepole, mkono mmoja kisha wa pili.

"Kwa hiyo mama yenu alisimama miaka yote hiyo juu ya uongo?" akauliza. "Na mimi je? Niliihamisha ile spika kwa neno la nani? Mpaka leo nakaa benchi la nyuma la kanisa lake kwa neno la nani?"

Tunakiri mbele yako, Mama, kwamba kwa dakika zile tuliogopa. Tulidhani tumekupoteza mara ya pili.

Kaka mkubwa ndiye aliyeinuka. Alikwenda kabatini akaitoa Biblia yako, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa ulichokipiga pasi kwa mkono wako. Mwaka mzima hatukuigusa, kwa kuwa Baba hakuweza kuitazama. Akasema anataka aone kwa macho yake Isaya inapokomea. Akafungua, akafika sura ya sitini na sita, akamsogezea Baba kitabu.

Chini ya mstari wa mwisho, kabla kitabu kingine hakijaanza, kuna nafasi nyeupe kidogo. Umeijaza. Ni zile herufi zako kubwa za darasani, moja imegeuka kinyume: *71. Katikati ya kelele nimeisikia sauti yako asema Bwana wala ukuta hautanizuia.* Chini yake, kwa kalamu nyingine na herufi ndogo zilizokwisha kuzoea kazi: *Nimetafuta mara tatu. Halimo. Kasuku alitaka kwenda kucheza. Lakini Bwana alinisikia kweli. Asiulizwe, atalia.*

Alilia. Baba alivaa miwani akasoma, akavua akaifuta, akavaa akasoma tena.

"Alijua," akasema. "Alijua, na bado akakwambia ulisome." Kisha akamvuta Kasuku kichwa akakilaza begani pake, jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya kwa yeyote kati yetu.

Mchungaji ametushauri tusiandike Isaya juu ya jiwe, watu wasije wakatafuta wasipate. Baba alikwenda mwenyewe Jumatatu, akamkuta fundi ameshashika patasi. Limechongwa jina lako, tarehe, na lile neno, na chini yake, *Alisomewa na mwanawe.* Limependeza. Benchi la nyuma Baba hakai tena. Amesogea mbele mistari miwili, anasema nyuma pana upepo. Hatumwulizi kuhusu huo upepo, kama tulivyokuwa hatumwulizi kuhusu ule unyevu.

Ulikataza Kasuku asiulizwe. Hatukumwuliza, Mama. Amesema mwenyewe.

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye unajua anakumbuka kuliko anavyosema, wanao, kaka mkubwa, dada wa kati na Kasuku, wakwe zako, wajukuu zako watano, na yule wa sita ambaye hukumwona, mwenye viganja vya moto kama vyako, dada yako, wenzako wa meza za pasi, ndugu wa kanisani, na fundi bomba na mkewe, pamoja na binti yao, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili.

Leo saa tisa alasiri, saa yako ya kuvua viatu, tutakusanyika kaburini. Kasuku atakusomea ile sura aliyoikatisha. Ataisoma mpaka mstari wa mwisho, hata kama watoto watamwita.

Siku zote tutakuwa nawe moyoni, Mama. Fumba macho usikilize.