Mchungaji Bila Sauti

Kahe, 4 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza maumivu na mvua imewafikia huko Mwika. Sisi huku chini bado tunategemea mfereji.

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Sauti imenikauka tangu nilipomzika Rogath, yule dereva wa lori aliyepata ajali njia ya Holili. Daktari wa Moshi ameona uvimbe kooni, amekata kipande kikapimwe. Amenikataza kusema, hata kunong'ona.

Jumapili mwinjilisti anasoma mahubiri yangu, mimi nimekaa mbele kama mgeni. Vijana wanahamia kwa mhubiri mpya wa Njoro, mwenye spika kubwa, anayeombea watu wakaanguka. Mzee mmoja wa usharika ameniuliza kwa upole kama nisingependa kupumzika moja kwa moja. Mama, mchungaji asiyesema ni wa nini?

Niombee.

Mwanao,
Shedrack

Mwika, 11 Machi 2024

Mwanangu Shedrack,

Marahaba. Mguu unauma, lakini unanifikisha shambani. Mvua imeanza, kihamba chote, migomba na mibuni, kinanuka udongo.

Koo ndilo linalouma, miguu yako ni mizima. Nenda kwa mjane wa Rogath. Baba yako alipofariki, mchungaji alihubiri hapa hadi jua likageuka, na sikumbuki hata neno moja. Namkumbuka jirani yetu Mektrida, aliyeingia jikoni akamenya ndizi bila kuniuliza kitu.

Kula mtori wa ndizi, usile vya moto sana.

Mama yako

Kahe, 2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimekuandikia mara mbili bila jibu. Kama mguu umezidi, mwambie mdogo wangu Sifael anitumie ujumbe.

Majibu ya kipimo bado. Nimekuwa nikienda kwa Gladness, mjane wa Rogath. Siku za kwanza alinipa kiti, akaendelea na kazi zake. Juzi nilimkuta na mkungu wa ndizi, nikachukua kisu nikamsaidia kumenya. Tulipofika katikati ya mkungu akasema, bila kuniangalia, "Pale kaburini ulisema Mungu amempenda zaidi. Nilitamani kukufukuza."

Ningekuwa na sauti, Mama, ningejitetea. Ningemtajia mistari. Nikatikisa kichwa tu, maana alikuwa anasema kweli. Ndipo akaanza kueleza yote: hasira yake, watoto wanaomwuliza baba yuko wapi, na jinsi asivyoweza hata kusema Baba Yetu. Alilia mpaka moto wa jikoni ukazimika. Nilipoinuka akaniambia nije tena.

Naogopa majibu. Kwako naweza kulisema hilo.

Mwanao,
Shedrack

Kahe, 22 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo, na ukae chini kwanza.

Si saratani. Daktari amerudia mara mbili kwa sababu niliendelea kumkodolea macho. Ni uvimbe wa watu wanaopaza sauti kupita kiasi, na umeanza kunywea. Ameniruhusu kusema kidogo kidogo.

Jana nilisimama madhabahuni nikasema, "Bwana awe nanyi." Ilitoka kama sauti ya jogoo mchanga. Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha wakaitikia kwa nguvu. Viti vya vijana bado vitupu. Gladness naye hajarudi kanisani, na sijamwambia arudi. Alhamisi nitakwenda kwake.

Usiku nililala usingizi wa mtoto.

Mwanao,
Shedrack

Mwika, 26 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Sifael amenisomea barua yako pale pale kwenye mibuni, nikakaa chini kwenye tope na gauni langu zuri.

Uliuliza kwa nini nilinyamaza. Mguu haukuzidi. Nilikuwa nikishika kalamu, mkono unakataa. Hata kuomba nilishindwa. Kila nikipiga magoti maneno yananitoroka, basi nikachukua jembe. Nimepalilia kihamba chote, nikaingia na upande wa Mektrida, akadhani namdai kitu. Leo ndiyo nimeweza kusema asante, na nimeisema kwa Kichagga, maana Kiswahili hakikutosha.

Usiwaambie washarika wako kwamba mama wa mchungaji alishindwa kuomba.

Au basi, waambie tu.

Mama yako