Kanda Iliyocheza Mara Moja

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako, anayekuulizia kila tukikaa mezani. Natumaini u mzima, na mkeo anaendelea vizuri na ujauzito wake. Sisi hatujambo, ila baba bado anakohoa. Dawa anazificha chini ya mto, akidhani hatumwoni.

Umeniuliza tena habari za ile kanda ya video yenye mama. Najua huna hata picha moja ukiwa na mama, na unataka mwanao aje amwone bibi yake. Nimechelewa kukujibu.

Hapa kwenye kituo chetu cha televisheni hakuna tena anayerekodi kwa kanda. Wapiga picha wanarudi na vijikadi vya kamera, tunavimimina kwenye kompyuta, kesho yake vinafutwa na kutumika upya. Bosi wetu, ambaye kwa siri tunamwita Bwana Kadi, alisema chumba cha kanda kinanuka uzee, na kwamba tuzihamishie zote kwenye kompyuta kisha zitupwe. Basi nikawa nafungua kila boksi nikimtafuta mama. Nikampata katika kipindi cha mafundi cherehani, kile alichokuwa akitusimulia baba.

Kanda yenyewe ilikuwa imeoza, inanata kama iliyomwagikiwa chai ya sukari. Fundi wetu wa mashine aliikausha, akaniambia kuwa itacheza mara moja tu, kisha utando wenye picha utabanduka wote. Akanitania kuwa nikilia, machozi yasidondokee mashine yake.

Nilibonyeza mashine ya kanda, mama akatokea. Kompyuta nayo ina kitufe chake cha kurekodi. Sikukibonyeza, mdogo wangu. Nilikikumbuka pale kioo kilipojaa chenga tupu. Fundi aliporudi akauliza kama nimepata, nikamjibu kuwa nimepata, nikaenda kula. Sijalia mpaka leo. Nafua, napika, nacheka wenzangu wakicheka, lakini ndani hamna kitu.

Nisamehe. Haipo tena, na aliyeiona ni mimi peke yangu.

Mama alivaa gauni la maua, pini kaziuma mdomoni. Akicheka anafunika meno kwa kiganja. Wewe ulikuwa mapajani pake, unavuta futi yake ya kupimia. Mtangazaji alitaka uondolewe usiharibu picha. Mama alizitoa pini mdomoni, akamwambia akuache hapo hapo, maana wewe ndiye bosi wa duka, yeye ameajiriwa tu. Akakubusu utosini, akaendelea kushona. Sauti yake nzito kidogo, kama yako ukiwa umetoka kuamka.

Jana nilitaka kukumbuka rangi ya yale maua, sikuweza. Ndiyo maana nimekaa nikaandika leo.

Msalimie sana mkeo. Baba anakusalimu, yeye bado sijamwambia.

Ni mimi dada yako