Zebaki Haikamatishi Nywele

Shikamoo Mama Eufrasia. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana ikishapita hiyo, hata ukinishauri itakuwa kazi bure.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mitatu, jina nifichie, kazi yangu ni mchenjuaji huku Nyarugusu, yaani mawe yakishasagwa karashani mimi ndiye naosha ule mchanga na kukamatisha dhahabu kwa zebaki, na kazi naijua, hakuna anayenilalamikia, ila kichwa changu Mama ndicho kimenishinda. Nilipofika miaka ishirini na sita nywele zilianza kurudi nyuma kwenye pembe za paji, nikasema labda ni helmeti, nikahama kutoka duarani, kule shimoni, nikaja huku mwaloni kwenye kuosha ambako helmeti haivaliwi, zikaendelea kurudi hivyo hivyo, mpaka sasa zimebaki za masikioni na kisogoni, juu ni uwanja mtupu. Hapa mwaloni wananiita Marudio, kwa sababu mchanga tulioshautoa dhahabu ndio tunauita marudio, wanasema kichwa changu nacho kimeshachenjuliwa, na wengine wananifariji kwamba kipara ni dalili ya utajiri, mbona utajiri wenyewe siuoni.

Nimepaka maji ya vitunguu mpaka watu wakawa wananihama kwenye benchi la mama ntilie, nimepaka mafuta ya nyonyo, nimepaka dawa ya mnadani ya mama mmoja aliyeniapia siku saba, zikapita arobaini. Kinyozi akanichorea nywele za mbele kwa piko, nikapendeza kweli hadi saa sita mchana jasho liliponitoka, likateremka jeusi mpaka kwenye kola.

Sasa kuna binti anaitwa Asteria, ni fundi cherehani kule Mhunze, Kishapu, tuna mwaka na nusu, nampenda na yeye ananipenda, lakini hajawahi kuniona bila kapelo. Nilimwambia ni mazoea ya kazini. Siku moja akanyoosha mkono kwa utani anivue, nikamkamata kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, akalia, akaniuliza unaficha nini humo, nikasema nina kidonda. Tangu siku hiyo kila akipiga simu anauliza kidonda kinaendeleaje.

Mwezi uliopita nikaenda kujitambulisha kwao na baba yangu mdogo. Baba yake, mzee Ngassa, alitupokea vizuri kwa salamu ya Kisukuma, mwadila, mwadila, tukakaa sebuleni, akasema kabla ya mazungumzo tuombe, akavua pama lake akaliweka gotini, baba mdogo akavua, kaka yake Asteria akavua, wote wakafumba macho, mimi nikabaki nimeishika kapelo yangu kwa mikono miwili kama vile kuna upepo, natazama huku na huku nani ananiona, jua la dirishani limempiga mzee utosini panang'aa kama sinia, nikaomba moyoni amalize haraka. Alipofumbua macho akanikuta nayo. Akasema, "Kijana, humu ndani kuna mvua?" Soda tuliletewa lakini habari za ng'ombe wa mahari hazikuguswa, na kesho yake kaka mtu akampigia baba mdogo simu kwamba mzee ametukaribisha tena Jumamosi hiyo ninayokwambia, ila yule kijana aje kichwa wazi au asije kabisa, maana mwanaume anayemdharau Mungu na mkwe kwa mpigo mmoja hawezi kumheshimu binti wa watu.

Niliporudi, mwenzangu wa hapa mwaloni, Magesa, akaniambia neno nikaona lina akili. Alisema zebaki inakamatisha hata vumbi la dhahabu usiloliona kwa macho, na nywele nazo zimo humo humo ndani ya ngozi ila hazionekani, kwa hiyo zinataka kukamatishwa tu zijikusanye zitoke. Nikaichanganya na mafuta ya mgando, sasa ni wiki ya tatu nasugua kila nikitoka kazini na kuvaa kapelo juu yake isipotee. Nywele bado. Ila fizi zinauma na kutoka damu, mdomoni nasikia ladha kama nimelamba msumari, na mikono inatetemeka mpaka juzi nimeshindwa kushika mzani. Magesa anasema hiyo ni dalili kwamba dawa imefika kwenye mizizi. Je, Mama, niongeze kipimo ili iwahi Jumamosi? Au nimwambie mzee nimesilimu na kofia ni ya dini? Nisaidie, nikimkosa Asteria sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Ni mimi Mwenye Kapelo, Nyarugusu.

*

Marahaba, Mwenye Kapelo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani macho yangu yameanza kuzeeka. Usiongeze kipimo. Usipake tena hata tone, na leo hii, si kesho, uende hospitali. Ukifika usimwambie daktari "nilipaka dawa fulani". Sema neno lenyewe: zebaki, wiki tatu, kichwani. Fizi, ladha ya msumari na mikono inayotetemeka si mizizi ya nywele, baba, ni sumu imeingia mwilini. Wewe zebaki unaishika kila siku kuliko daktari, halafu unamwacha Magesa akufundishe kazi yako. Kule kwenye karai inakamatisha dhahabu. Kichwani kwako imekukamata wewe.

Hiyo kapelo nayo imelowa. Usiifue, usiichome moto, maana moshi wake ni mbaya zaidi, na usimpe mtu. Itie kwenye chombo chenye mfuniko, ufunge, uwaulize hao hao wa hospitali pa kuipeleka. Na Magesa umpeleke mkapimwe wote, maana mtu anayetoa ushauri kama huo sijui mwenyewe amejipaka wapi.

Nywele sasa. Nakupa pole, na sikucheki, najua wanaume wanavyochekana vijiweni mpaka mtu akose raha ya kwenda kinyozi. Lakini mwezi huu pekee hii ni barua ya tano ya vichwa, na nimechoka. Kipara si ugonjwa wala laana. Mara nyingi mtu anakirithi. Baba yako mdogo alipovua kofia, ulikitazama kichwa chake? Zipo dawa za hospitali za kupunguza kasi, wengine zinawasaidia na wengine haziwasaidii, na hakuna hata moja ya siku saba. Ukishapona, muulize daktari wa ngozi. Kwa sasa nyoa hizo za masikioni zilizobaki, upate kichwa kimoja badala ya viwili.

Habari ya kusilimu sitaki kuisikia tena. Wenzako wa kazini walio Waislamu wakijua umeigeuza dini yao mfuniko wa kipara, watakuona mtu wa ovyo, na mimi nitakuwa upande wao.

Ila kilichoniudhi kuliko hata zebaki ni Asteria. Binti wa watu anapiga simu kila siku kuulizia hali ya kidonda ambacho hakipo, na wewe unampokelea pole zake. Ulimuumiza mkono, ukamwongezea na uongo. Mpigie kabla ya Jumamosi. Mwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba huna nywele, mwambie na habari ya zebaki, umwombe radhi kwa ule mkono. Asije akakiona kichwa chako kwa mara ya kwanza mbele ya baba na kaka yake. Akikukataa kwa kipara, basi umejua mapema. Lakini mtu anayeulizia kidonda kila akipiga simu hakufuata nywele zako. Na daktari akikulaza, baba mdogo aende peke yake akaseme ukweli wote. Mzee wa watu anaweza kumvumilia mgonjwa, mwongo ndiye hatamvumilia.

La mwisho, maana naona uliliandika bila kulisoma. Umeniambia utosi wa mzee Ngassa unang'aa kama sinia. Mama yake Asteria ameishi na sinia hilo na kuzaa nalo, na binti yao amekua akilitazama kila siku wakati wa kula. Hao ndio unaowaficha kipara? Na huo utosi wa mzee uliuonaje, ikiwa kila mtu alikuwa anaomba? Wenzako walikuwa wamefumba macho. Aliyekuwa anakagua vichwa vya watu sebuleni mle ni wewe peke yako. Jumamosi ingia kichwa wazi, usalimie vizuri, na mzee akisema tuombe, weka mikono gotini ufumbe macho kama wengine.