Kahawa ya Fungo

Muhima, Kigali
1992

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mvua zimefika huko, au migomba bado inalia kiu? Mimi ni mzima. Vita viko kaskazini na askari wameweka vizuizi barabarani, lakini mjini tunakwenda kazini na kurudi, basi usiwe na hofu. Kaka Deo, tafadhali msomee Mama barua hii yote, hata yale yanayonitia aibu.

Kazi yangu ni ileile ya kuchambua kahawa ghalani. Tunakaa wanawake watupu kwenye mikeka, tukitoa punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Harufu ya kahawa mbichi hunirudisha nyumbani kila asubuhi. Nakuona umeinama chini ya mibuni, kitenge kimekazwa kiunoni, unaimba nyimbo za kanisani huku umefumba mdomo.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi kutoka Ulaya na kikopo kidogo, amekishika kama aliyebeba yai. Bosi akatuita mimi na mwenzangu Mukamana tukaonje pamoja nao. Mgeni alisema Kifaransa, bosi akatutafsiria: kahawa hii ni ya Indonesia, ni adimu sana, wanaoinywa ni matajiri tu. Kuna mnyama anayefanana na paka, huchagua buni zilizoiva vizuri akazila, na mbegu hutoka nzima kwenye kinyesi chake. Watu huziokota, wakaziosha na kuzikaanga.

Mukamana akakitua kikombe, akamtaja Mungu kwa Kinyarwanda. "Mana yanjye! Tajiri iko nakunywa mavi?"

Wote wakacheka. Mimi kicheko hakikunitoka.

"Huyo mnyama namjua," nikasema. "Kwetu Bukoba yuko fungo, naye hula buni vilevile. Mama yangu alikuwa anaokota kahawa yake."

Mgeni alipotafsiriwa akavuta kiti karibu. Akataka kujua uliiandaaje. Nikamweleza jinsi ulivyopajua mahali fungo anaporudi kila mara kujisaidia, ulivyoziosha mbegu mtoni mpaka maji yakatoka meupe, ukazianika, ukazikaanga chunguni taratibu.

"Na ladha yake?" akauliza.

Sikuwahi kuionja, Mama. Unajua kwa nini.

Baba alipofariki, baba mdogo akachukua shamba na kukukataza kugusa hata mibuni uliyoipanda kwa mikono yako. Ndipo ukaanza kwenda kichakani alfajiri, maana mavi ya fungo hayakuwa na mwenyewe. Siku ile nilipokuja na wenzangu wa shule, ulinimiminia mimi kwanza. Nikasema mbele yao, "Mimi sinywi mavi." Ulikichukua kikombe, ukanywa mwenyewe polepole, kisha ukatuuliza kama tuna njaa. Hukunigombeza siku ile, wala baadaye. Afadhali ungenichapa.

Basi nikainywa ile kahawa ya mgeni. Ni laini, haikwaruzi koo, na ukishameza inabaki harufu kama ya ndizi mbivu. Machozi yakanitoka palepale. Mukamana alidhani nimeungua ulimi, akanitoa nje. Nikamsimulia nilivyokutendea. Akafuta mikono yake kwenye kitenge.

"Mama yako iko hai?"

"Yupo."

"Sasa unalilia mimi kwa nini? Mimi niko mama yako? Twende kwa bosi."

Akanishika mkono kama mtoto hadi ofisini. Akaniombea ruhusa ya kuja nyumbani yeye mwenyewe, kwa Kinyarwanda cha haraka ambacho nusu yake sikukielewa. Bosi amenipa wiki mbili, tukimaliza mzigo huu.

Mama, nisamehe. Nilikuonea aibu wakati wewe ulikuwa unatafuta namna ya kunipa kitu kizuri katika nyumba iliyonyang'anywa kila kitu. Nimelibeba neno lile miaka yote hii, na barua nyingi nimekuandikia bila kuligusa.

Nisalimie shangazi Justa, mwambie mkeka alionisukia ndio ninaoukalia ghalani. Msalimie mjomba Fransisi, mwalimu wetu wa dini, na wifi yangu, mke wa Deo. Mungu amjalie ajifungue salama.

Nitapitia mpakani Rusumo. Usimsumbue Deo kuniandikia jibu, Mama. Nataka nilisikie kwa sauti yako, liwe lolote.

Ni mimi binti yako,
Koku