Daktari Hahitaji Viazi

Naro Moru, 12 Januari 2024

Kwa Warigia wangu, daktari wa vitabu,

Mimi niko mzima kabisa, ni magoti tu na hii baridi ya mlima. Wewe je, unakula?

Kitabu yako natembea nayo kwa mkoba. Phyllis wa kanisa akaniuliza, "Ati miaka yote Warigia anasoma tu vile wanawake wanaandikwa kwa vitabu? Na bwana atapata lini?" Nikamwambia, "Msichana wako ako na bwana. Ameandika nini?" Wamama walicheka mpaka pasta akageuka.

Sasa furahi. Nimegawa shamba ya viazi mbele ya chifu, kabla nikufe. Hati iko kwa jina langu, siogopi mtu. Chifu akauliza, "Na msichana?" Nikasimama: "Huyo anakuwa profesa! Atafanya nini na viazi?" Watu wakapiga makofi. Ndugu zako, Gatimu na Ngatia, wamechukua nusu nusu.

Mama yako, mwenye maringo

Eldoret, 3 Februari 2024

Mama mpendwa,

Pole kwa magoti. Mimi nala, usijali.

Kuna jambo sikukuambia. Chuo kilifunga idara yetu mwaka jana. Walisema fasihi ya wanawake haileti wanafunzi. Nimeomba kazi kila mahali. Kwa umri wangu hakuna anayejibu. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa ukinisifu sana.

Nilitarajia kuja kujenga chumba pale shambani, juu ya mto. Maisha yangu yote nimefundisha riwaya za mabinti walionyimwa ardhi, Mama. Waombe ndugu zangu wanipe hata kipande cha pembeni.

Binti yako

Naro Moru, 29 Aprili 2024

Warigia mtoto wangu,

Hata naogopa kukuuliza kama uko mzima.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa nawabembeleza. Ngatia ameshauzia watu wa kulima maua nusu yake, wamezungusha waya mpaka mtoni. Gatimu akasema, "Si wewe ulisema hahitaji?" Nikamwambia, "Nilikuwa najivuna tu!" Akasema maneno ya mbele ya chifu hayarudi. Nikaenda kwa chifu. Akanionyesha sahihi yangu kwa karatasi ya kugawa.

Basi nikaomba ulale na mimi hapa kwa chumba yangu, maana siku hizi nakaa kwa Gatimu. Akasema atauliza mke wake. Hajanijibu, na tunakula meza moja.

Wewe njoo tu. Lakini njoo siku ya kazi, si Jumapili. Kanisani wananiita Mama Profesa, na mimi bado naitika.

Mama yako