Maandishi Niliyokataa Kukusomea

Kaka yangu mpendwa,

Uliporudi kutoka vita vya Burma ulikuwa bado hujui kusoma, lakini risasi ulizijua. Tulipochimba mashimo ya kahawa kibanjani kwetu Nshambya, jembe lilikuwa likifukua zile za vita vya zamani, nawe ukizipapasa kitakoni, upande wa nyuma. Yenye ukingo ilikuwa ya Mwingereza. Yenye mfereji, ya Mjerumani. Ile nene, yenye ncha butu, ulisema ni ya bunduki za kale za baruti yenye moshi walizopewa askari Waafrika wa Mjerumani. Ulizifunga kwenye jani la mgomba ili uzipeleke bomani.

Jumamosi moja ukafukua kitu kingine, kirefu kuliko kiganja, kizito, kichwani kina shaba kama kifuniko. Ulikitazama sana, kisha ukaniita kwa neno la heshima la kwetu.

"Waitu mdogo wangu, hii siijui. Nisomee hapa kitakoni."

Herufi zilikuwepo, zimejaa udongo. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jeupe la kwaya, nimechelewa mazoezi kanisani. Sikutaka hata kuinama.

"Hakuna kilichoandikwa," nikasema. "Ni chuma tu."

Ukaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyesomeshwa. Nikaondoka, nikakuacha ukikigonga kwa mpini wa jembe kukitoa udongo.

Sikufika barabarani. Nilisikia mshindo, nikarudi mbio, nikakukuta umekaa kati ya migomba iliyokatika, umeshika kifundo cha mkono wa kulia. Kiganja hakikuwepo.

Bwana wa boma alipokuja hospitalini kuuliza nani mwingine alikiona, nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chako.

"Nilikuwa peke yangu," ukamjibu.

Nami nikanyamaza. Nikanyamaza miaka yote uliyopalilia kwa mkono mmoja. Hata siku ya harusi yako, nilipokufunga vifungo vya shati, tulikuwa wawili tu chumbani, nami nikazungumzia mvua.

Wiki mbili baada ya kukuzika niliwaambia wanao kwamba maandishi yalikuwepo. Yule mkubwa alinishika bega.

"Shangazi, baba alitueleza. Kitako cha kile chuma kilipatikana, karani wa boma akamsomea maandishi yake: kombora la mzinga. Alisema ulikuwa bado msichana mdogo, tusikuulize kamwe."

Basi ulijua. Ulijua, na kila Krismasi ulinitengea kiti karibu nawe. Ningekuomba msamaha ukiwa hai, ungenijibu. Sasa naomba, na wa kunijibu hayupo.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako, uliyemficha